Mwongozo Kamili wa Kutotolesha Mayai ya Kasa: Kila Njia Humwachia Kifaranga Alama Yake

Kasa jike akishafukia mayai yake, hayarudii tena. Hayaatamii kama kuku, hayageuzi, hayalindi. Kazi yote anauachia mchanga: ndio utakaoyapa joto na maji, na hewa itapita humo kwa siku 45 hadi 70 hivi. Kwa hiyo mtu anayeyafukua mayai hayo na kuyapeleka kwenye kitalu (kipande cha ufuko chenye uzio), kwenye boksi au kwenye mashine amemtafutia kifaranga mama mwingine, na mama huyo wa pili ana tabia zake. Anaweza kumfanya dume au jike, mkubwa au mdogo, mwepesi au mzito wa kuogelea. Asipoangaliwa, anaweza kumuua kabla hata hajaota macho.

Haya yanawahusu wanaolinda viota wakiwa na kibali. Aina zote 7 za kasa wa baharini zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nchi nyingi zina sheria inayokataza kugusa kiota bila ruhusa. Kama huna kibali, kazi yako ni kuwaita wenye nacho na kuwazuia watu na mbwa wasikikaribie kiota mpaka wafike.

Kabla ya hatua yoyote, niseme jambo linalonikera. Miradi mingi hujipima kwa swali moja: mayai mangapi yameanguliwa? Kitalu kikitoa asilimia 90, watu wanapiga picha na kufurahi. Lakini asilimia 90 ya vifaranga wa jinsia moja, wafupi wa gamba, waliochoka kwa joto kabla ya kufika majini, inaweza kuwa kazi mbaya kuliko asilimia 65 ya vifaranga wenye nguvu kwenye kiota ambacho hakuna aliyekigusa. Idadi ni mwanzo wa hesabu.

Kinachoendelea ndani ya yai

Yai la kasa ni duara, la ukubwa unaokaribia mpira wa tenisi ya meza, na ganda lake ni laini linalobonyea. Ganda hilo linapitisha maji na hewa. Kiota kimoja mara nyingi hubeba mayai 100 hadi 120, ingawa kasa aitwaye ng'amba huzidisha na noa, yule mkubwa wa gamba la ngozi, huwa nayo pungufu, yakiwa yamechanganyika na vijiyai vidogo visivyo na kiini. Usivihesabu hivyo kama mayai, maana vitaharibu takwimu zako zote.

Mayai yakiwa bado tumboni mwa mama, ukuaji umesimama. Kule ndani oksijeni ni haba mno, na kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbwa, hulala kikisubiri. Yai likishatoka na kupata hewa, kinaamka ndani ya saa chache. Kinapanda juu ya kiini, na utando wake unajishikiza kwenye upande wa juu wa ganda. Utaona doa jeupe likitokea pale na kuenea siku hadi siku.

Hapo ndipo wafugaji wa kuku wanapopotoka. Yai la kuku lisipogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda na kufa. Yai la kasa likigeuzwa baada ya kushikana, utando unachanika na kiinitete kinakufa. Mtafiti Colin Limpus na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1979 nchini Australia kwa mayai ya kasa aitwaye duvi. Mpaka leo vitalu vingi hupoteza mayai kwa kosa hilo hilo.

Jambo la pili ni jinsia. Kasa hana kromosomu za kumfanya dume au jike. Joto ndilo linaloamua, na linaamua katika theluthi ya kati ya muda wa mayai kukaa mchangani. Kiota kitakachoanguliwa siku ya 54, tazama joto la siku ya 18 hadi ya 36. Karibu na digrii 29 za Selsiasi unapata nusu madume na nusu majike. Chini ya digrii 27.7 hivi wote huwa madume, na juu ya 31 wote huwa majike. Mipaka hutofautiana kidogo kwa aina na kwa ufuko, lakini mpangilio ni huo huo. Tofauti ya digrii mbili au tatu, ambayo mtu akisimama mchangani haisikii hata kwa mguu, inageuza kiota kizima.

Hatua ya kwanza: amua kama kuna haja ya kuhamisha

Ushauri wangu ni kwamba kiota kikae kilipo mpaka ushahidi ukulazimishe kukitoa. Kuhamisha ni kama upasuaji: hakuna anayempeleka mtu mwenye afya chumba cha upasuaji kwa tahadhari tu.

Sababu za kweli za kuhamisha ni tatu. Ya kwanza, kiota kipo chini ya alama ya maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, na kitafunikwa tena na tena. Kufunikwa mara moja kwa muda mfupi hakuui lazima. Kulala ndani ya maji kwa saa nyingi ndiko kunakoyanyima mayai oksijeni. Ya pili, ufuko unamegwa na mawimbi na kiota kitasombwa. Ya tatu, mayai yataibiwa kwa hakika na huna watu wa kulinda.

Wanyama wanaofukua si sababu ya moja kwa moja. Wavu ulionyooshwa juu ya kiota, uliozikwa sentimita chache na kushikiliwa na vigingi, huzuia mbwa na wanyama wengine wa kufukua, mradi matundu yake yawe mapana ya kutosha kupitisha kifaranga. Tumia wavu wa plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa vizimba vya chuma hupotosha uga wa sumaku unaozunguka mayai, na kasa hutumia uga huo kujua njia baharini. Sioni kwa nini tumtie mtoto wasiwasi wa dira wakati plastiki ipo na haishiki kutu.

Kiota kilichobaki mahali pake kinampa kifaranga vitu ambavyo kitalu kinahangaika kuviiga: kina alichochagua mama, mchanga ambao haujatibuliwa, na mchanganyiko wa joto la ufuko mzima, ambamo viota vingine viko kivulini na vingine juani, vya mwanzo wa msimu na vya mwisho. Mchanganyiko huo ndio unaozalisha madume na majike pamoja.

Hatua ya pili: kuhamisha kwa usalama

Ukishaamua, saa inahesabika. Mayai yahamishwe ndani ya saa 2 tangu kutagwa, na kwa vyovyote usizidi saa 6. Ukikuta kiota asubuhi na hujui kasa alitaga saa ngapi, chukulia kwamba muda umeshapita au unakaribia kupita, na uyashike mayai kana kwamba yameshashikana na ganda. Kukitokea dharura baada ya hapo, ni heri kusubiri hadi baada ya siku 25 hivi, kiinitete kikishakomaa kiasi cha kuvumilia. Hata wakati huo unabeba yai bila kulizungusha, juu likabaki juu.

Namna ya kufanya:

1. Osha mikono au vaa glavu safi zisizo na unga. Mafuta ya kujipaka na dawa ya mbu vibaki nyumbani.
2. Fukua kwa vidole, polepole, ukianzia pembeni. Koleo na jembe havina kazi hapa.
3. Pima kina cha yai la juu kabisa na kina cha sakafu ya kiota. Andika. Vipimo hivi ndivyo ramani ya kiota kipya.
4. Toa yai moja moja. Kama una shaka juu ya muda, weka alama ndogo ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulinyanyua.
5. Panga kwenye ndoo safi yenye mchanga mbichi kutoka kiota kile kile. Funika kwa kitambaa chenye unyevu. Jua lisiyapige.
6. Tembea. Pikipiki na gari vinatikisa. Kama lazima upande chombo, ndoo ikae mapajani juu ya kitu laini.

Mbegu ya vifo vya mapema hupandwa katika dakika hizi, na huwezi kuiona. Yai lililotikiswa linaendelea kuonekana zima kwa wiki kadhaa. Utagundua siku ya kufukua, ukipasua ganda na kukuta kiini kimeoza bila hata alama ya jicho.

Hatua ya tatu: kitalu cha mchangani

Kitalu ni kipande cha ufuko kilichozungushiwa uzio, ambamo mayai yanazikwa upya. Kikifanywa vizuri ndicho kinachokaribia zaidi kiota cha asili. Kikifanywa vibaya ni mahali pa kuambukizana magonjwa.

Chagua mahali juu ya bamvua, mchanga wake ufanane na wa kiota cha asili, mizizi iwe michache na maji ya mvua yasituame. Chekecha mchanga kutoa mawe, vioo na maganda ya zamani. Usijenge mahali pale pale kila msimu. Mabaki ya mayai yaliyooza hulisha kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao huua viinitete na kuruka kutoka kiota kimoja hadi kingine. Kama eneo ni moja tu na huna budi kulirudia, badilisha mchanga wote mpaka chini ya kina cha mayai.

Kiota kichimbwe kwa umbo la mtungi: shingo nyembamba inayoshuka wima, kisha tumbo pana chini. Mama wa kasa huchimba hivyo kwa mapezi ya nyuma, na umbo hilo huyapa mayai nafasi ya hewa na vifaranga nafasi ya kukusanyika. Kina ni kile ulichopima. Kama hukupima, kiota cha duvi huishia kati ya sentimita 40 na 60, cha kasa wa kijani kati ya 60 na 80, na cha noa hufika 70 hadi 90. Uvivu wa kuchimba una gharama: kiota kilicho karibu na uso hupata joto zaidi na hupandishwa na kushushwa na jua la kila siku, jambo ambalo mayai yaliyo chini hayakutani nalo.

Acha mita 1 kati ya kiota na kiota, kutoka katikati hadi katikati. Mayai yakikua yanatoa joto lake yenyewe na yanapumua. Viota vilivyobanana hupashana joto na kugombea oksijeni, hasa theluthi ya mwisho. Najua uzio una bei na nafasi ni ndogo. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, nitahamisha viota vichache kuliko kuvibananisha.

Usigawe mayai ya kiota kimoja katika mashimo mawili au matatu ili tu yaonekane mengi. Ukigawa, joto la pamoja linapungua na jinsia inaweza kusogea upande wa madume. Zaidi ya hayo, vifaranga huchimba kwa zamu wakisukumana kutoka chini, na kundi dogo hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila mmoja kufika juu.

Hatua ya nne: joto, na jinsi ya kulisimamia

Hapa kitalu hufaulu au hufeli. Nunua vipimajoto vinavyojirekodi, vile vidogo vinavyohifadhi kipimo kila saa. Kabla ya kuvizika, vitumbukize kwenye maji yenye barafu iliyosagwa: kila kimoja kisome karibu na 0. Kinachokosea kiandikie tofauti yake, au kiache.

Weka kimoja katikati ya mayai wakati wa kuyapanga, na kingine kwenye mchanga mtupu wa kina kile kile, mita 1 mbali. Tofauti kati ya viwili hivyo ni joto la mayai yenyewe. Mwanzoni ni karibu sawa, lakini wiki za mwisho katikati ya kiota kunaweza kupanda digrii 2, 3 au zaidi. Kisha zika vingine katika ufuko wa asili, sehemu ambazo kasa hutaga wenyewe, za kivulini na za juani. Bila hivyo huna cha kujilinganisha nacho, na hutajua kama kitalu chako kinazalisha jinsia ambazo ufuko ungezalisha.

Joto humgusa kifaranga kwa njia zaidi ya jinsia. Mayai ya mchanga wa baridi kidogo hukaa muda mrefu, na kila digrii 1 inayoshuka huongeza siku kama 5. Kifaranga anapata muda wa kugeuza kiini kuwa mwili: anatoka na gamba refu na mapezi mapana, akiba ya kiini tumboni ikiwa ndogo. Mayai ya mchanga wa moto huharakishwa. Kifaranga anatoka mdogo wa mwili, kiini kingi kikiwa kimebaki. Mtu anaweza kudhani kiini kingi ni posho nzuri ya safari, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini mwili mdogo ni rahisi kumezwa na kaa, ndege na samaki, na mapezi mafupi yanasukuma maji kidogo.

Moto ukizidi, karibu na digrii 33 na kwenda juu, hali inabadilika kabisa. Vifaranga hutambaa polepole, hushindwa kujigeuza wanapopinduka, na hupiga makasia kwa udhaifu majini. Hata magamba yasiyo ya kawaida, yaani vipande vya ziada au vilivyopungua mgongoni, huongezeka. Joto la digrii 34 au 35 likiendelea kwa siku nyingi, kiota hufa. Upande wa pili, chini ya digrii 24 au 25 mayai hayafiki mwisho.

Namna za kupoza ni hizi, nikianzia ninayoiamini zaidi.

*Kivuli.* Wavu wa kivuli au makuti juu ya nguzo, mita 1.5 hadi 2 kutoka mchangani ili upepo upite. Kivuli hushusha digrii 1 hadi 2, pengine zaidi kwa mchanga mweusi. Usifunike kitalu chote bila kupima. Ufuko uliokuwa na digrii 29 ukiufunika wote, utajaza bahari madume. Mpangilio unaokaa vizuri ni kuwa na sehemu ya kivuli, sehemu ya nusu kivuli na sehemu ya wazi, kisha kuvisambaza viota humo.

*Maji.* Maji baridi ya kunywa, mengi kwa mara moja, hupoza hadi kwenye kina cha mayai kwa siku chache. Kunyunyizia kidogo kila jioni hulowesha uso tu. Usitumie maji yaliyolala kwenye mpira juani tangu asubuhi: utakuwa unamwagilia uji. Maji ya bahari huacha chumvi mchangani, na chumvi hunyonya maji kutoka kwenye yai.

*Kina.* Kuzika chini zaidi ya kipimo cha mama kunapoza, lakini kunawaongezea vifaranga mzigo wa kuchimba. Sikushauri.

Kwa nini kuhangaika na madume? Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa kasa wa kijani wa Great Barrier Reef, Australia. Miongoni mwa wale waliozaliwa fukwe za kaskazini, zenye joto zaidi, watoto walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99, na wakubwa asilimia 87 hivi. Hakuna aliyewahamisha. Ni mchanga wao wenyewe umepata joto. Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaotaka kila kitalu kilenge nusu kwa nusu. Fukwe nyingi zilikuwa na majike wengi tangu zamani, na dume mmoja hupanda majike kadhaa na anaweza kurudi kuzaliana mara nyingi kuliko jike. Lengo langu ni dogo zaidi: kitalu kisiwe na moto wa kudhuru, wala kisizalishe jinsia moja msimu mzima.

Hatua ya tano: unyevu na hewa

Shika konzi ya mchanga wa kwenye kina cha mayai na uikamue. Ishikane bila kudondosha maji. Ikitawanyika kama sukari, ni kavu: mayai yatabonyea na vifaranga watatoka wadogo, kwa sababu yai hunyonya maji kadiri linavyokua. Ikidondosha, matundu ya hewa yamejaa maji. Tope na vumbi laini huziba hewa hata bila mvua, na ndiyo sababu mchanga wa ujenzi si mbadala wa mchanga wa ufuko.

Usikanyage juu ya viota. Weka njia za kupita na uzifuate.

Maboksi na mashine

Boksi la povu gumu, lile la kubebea samaki na barafu, lilienea kwa sababu ni jepesi na linafungika. Mayai yanapangwa kati ya tabaka za mchanga wenye unyevu, matundu yanatobolewa, boksi linawekwa chumbani. Asilimia ya kuanguliwa inaweza kuwa nzuri sana.

Tatizo ni joto. Mayai yaliyo ndani ya boksi hayana ukuta wa mchanga wa kutunza joto la mchana, na chumba chenye kivuli mara nyingi ni cha baridi kuliko ufuko. Mwaka 1982 mtafiti Nicholas Mrosovsky alionya kwamba utotoleshaji wa namna hiyo ulikuwa ukipotosha uwiano wa jinsia kuelekea madume. Mradi wa kasa wa Kemp ulitoa somo kubwa zaidi. Kuanzia 1978 hadi 1988, mayai yalichukuliwa Rancho Nuevo nchini Mexico, yakawekwa kwenye maboksi yenye mchanga wa Padre Island, Texas, ili kuanzisha ufuko wa pili kwa aina iliyokuwa ukingoni mwa kutoweka. Vifaranga wa miaka ya mwanzo wengi walikuwa madume. Baadaye joto lilipandishwa makusudi ili kupata majike. Wataalamu wale hawakuwa wazembe. Elimu ya joto na jinsia ya kasa ilikuwa ndiyo kwanza inachipua. Anayerudia kosa hilo leo hana kisingizio hicho.

Kwa hiyo boksi ni chombo cha dharura: mayai ya siku za mwisho yaliyofukuliwa na mawimbi, au kiota ambacho kisingepona kwa vyovyote. Ukilitumia, weka kipimajoto katikati ya mayai, tumia mchanga wa ufuko wa asili, hakikisha matundu ya chini yanatoa maji, na usilifungue kila saa kwa udadisi.

Mashine za kutotoleshea zina joto unaloweza kulipanga hadi nukta ya digrii, na maabara huzihitaji. Kwa uhifadhi wa kawaida sizipendi. Umeme ukikatika usiku mmoja wa joto, umepoteza viota vyote kwa pamoja. Kifaranga aliyeanguliwa kwenye trei pia hachimbi. Kwenye kiota cha kweli huchukua siku 3 hadi 7 kupanda hadi juu, na katika siku hizo gamba lililokunjwa ndani ya yai linanyooka na kiini kinaingia tumboni. Akitoka kwenye mashine, mweke gizani kwenye mchanga wenye unyevu mpaka kitovu kifunge, ndipo umwachie.

Hatua ya sita: siku ya kutoka

Kuanzia siku ya 45 zungushia kila kiota cha kitaluni kizimba cha wavu wa plastiki, na ukague kila nusu saa usiku. Mchanga ukibonyea juu ya kiota kama sahani, wako njiani. Usiwasaidie kuchimba.

Vifaranga wakitoka wana kichaa cha kuogelea kinachodumu takriban saa 24, kinachowavusha maji ya pwani yenye samaki wengi. Kila saa wanayozunguka kwenye ndoo ukisubiri wageni au macheo wanaila nguvu hiyo. Waachie usiku ule ule, haraka iwezekanavyo, wakitambaa wenyewe mita kadhaa hadi majini. Zima taa, kwani wanafuata mwanga. Badilisha mahali pa kuachia kila mara. Samaki wakizoea kwamba chakula hutoka hapa kila usiku, watakuja mapema kuliko wewe.

Hapo hapo chukua vifaranga 10 hadi 20 kwa kupima. Pima urefu wa gamba na uzito; kasa wa kijani huwa karibu sentimita 5 na gramu 25. Mlaze kila mmoja chali kwenye mchanga tambarare na uhesabu sekunde mpaka ajigeuze. Kiota ambacho wengi wanajigeuza ndani ya sekunde 10 kina afya. Kazi yote isizidi dakika chache kwa kifaranga.

Hatua ya saba: fukua, hesabu, soma vifo

Saa 72 baada ya kundi la kwanza kutoka, fukua kiota. Hesabu maganda yanayozidi nusu, vifaranga hai na wafu waliobaki ndani, na mayai yasiyoanguliwa. Tuseme mayai yalikuwa 110, maganda 92, hai waliokwama 3, wafu 5. Kuanguliwa ni 92 kwa 110, asilimia 83.6. Kutoka wenyewe ni 92 ukitoa 8, yaani 84 kwa 110, asilimia 76.4. Andika zote mbili. Tofauti kati yake ndiyo inayokueleza habari ya mchanga.

Jinsia huwezi kuijua kwa kumtazama kifaranga. Huonekana kwa kuchunguza tezi za uzazi za waliokufa kwenye maabara yenye kibali. Wengine wote, kadiria kwa kumbukumbu ya vipimajoto ya theluthi ya kati. Usipokuwa na kipimajoto, idadi ya siku inakupa fununu: kiota kilichoanguliwa mapema sana kilikuwa cha moto na kina majike wengi, kilichochelewa ni kinyume.

Kisha pasua mayai yasiyoanguliwa, ukiwa na glavu na pua yako umeiandaa. Viinitete vilivyokufa vikiwa vidogo, kabla ya macho kuonekana vizuri, vinaelekeza kidole kwa mkono uliobeba ndoo na saa iliyotumika kuhamisha. Vifo vingi vya mwisho, kifaranga akiwa kamili ndani ya ganda, huashiria joto la juu, maji yaliyotuama au viota vilivyobanana: fungua kumbukumbu ya kipimajoto ya wiki mbili za mwisho. Ukungu wa rangi ulioenea kutoka yai hadi yai unakuambia mchanga umechoka, na msimu ujao kitalu kihame. Vifaranga waliokufa wakiwa wametoka kwenye ganda, kati ya mayai na uso, walikutana na mchanga ulioshikana, mizizi au kundi dogo lisiloweza kuchimba. Hapo angalia nani alikuwa akipita juu ya kiota hicho.